Barua ya wazi kwa wakubwa wa Kilifi: chupa iliyopoteza jina

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi. Kwa wasimamizi wa afya wa kaunti. Kwa maafisa wa usalama na afya kazini mlioko Pwani. Na kwa nyinyi wenye hoteli za Malindi na Watamu.

Baada ya salamu.

Mimi ni dobi. Nimefua mashuka ya wageni hapa Malindi miaka 19, mwanzo kwa mkono, baadaye kwa mashine, na mwisho nikawa msimamizi wa chumba cha kufulia chenye wanawake sita na vijana wawili. Nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo, si kwa sababu ya haya ninayoandika. Ninawaandikia kuhusu chupa moja ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, ambayo ndani hamkuwa na maji bali dawa ya kutoa madoa ya kutu.

Anayeishi Malindi hahitaji kuelezwa kutu ni nini. Upepo wa bahari hautuachii kitu: bawaba za mlango, mabati, spoki za baiskeli, vyote vinaliwa. Na maji ya visima vingi yana chuma. Yaache kwenye ndoo nyeupe usiku kucha, asubuhi yamechora duara la rangi ya chai. Sasa chukua mashuka meupe 200 kwa siku, yafue kwa maji hayo, uyaanike kwenye waya uliochunika. Doa la kutu halitoki kwa sabuni. Ukilimwagia jiki ndiyo kabisa umeligongea msumari. Na mgeni akiona doa la kahawia kwenye shuka hafikirii kutu, anafikiria jambo jingine, na kabla ya saa tatu asubuhi meneja yuko chini na shuka mkononi anauliza nani alikuwa zamu.

Bibi zetu walitumia ndimu na chumvi. Unakamulia doa, unalinyunyizia chumvi, unalianika juani, jioni limefifia. Ninaapa inafanya kazi. Lakini inataka jua, subira na shuka moja, na hoteli msimu wa Desemba jua inalo, ila subira na shuka moja haina.

Kwa hiyo kila chumba cha kufulia kina dawa ya kutu. Yetu ilinunuliwa mjini, kwenye duka ambalo sitalitaja, ikatolewa kwenye dumu kubwa huko nyuma na kumiminwa kwenye chupa tupu za maji. Haina rangi. Harufu yake ni kali kidogo, lakini nani atasikia harufu kwenye chumba chenye jiki na mvuke? Matone mawili, unahesabu hadi kumi, doa limetoweka. Tuliiita maji ya mganga. Tulikuwa tukiipimia kwenye bilauri moja ya baa iliyomeguka mdomo.

Ijumaa moja binti wa miaka 22, ambaye aliniita shangazi ingawa hatuna udugu wa damu, alishinda akitoa madoa kwenye mashuka ya vyumba vya ghorofani. Alivaa glavu, hilo nalitolea ushahidi. Zilikuwa zile nyembamba za mpira, kama za hospitali, na ya mkono wa kulia ilikuwa na tundu penye kidole cha shahada. Hakusikia kitu. Alimaliza kazi, akanawa, akaenda zake mtaani Kisumu Ndogo, akapika. Baada ya Isha kidole kikaanza kumwasha. Saa sita usiku alikuwa analia kama mtoto, na mama yake akanipigia simu.

Nilimkuta kidole amekitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Ukikitazama, huoni kitu. Hakuna lengelenge, hakuna kidonda, pengine wekundu kidogo wa kusingizia. Majirani walishampaka asali, kisha dawa ya meno. Tukakodi tuktuk.

Hospitali tuliyoifikia sitaitaja, maana pengine ingekuwa hivyo hivyo popote. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole, amechoka, ana foleni. Akamuuliza, "Umeshika nini?" Tukamwambia, dawa ya kutu. "Ina nini ndani?" Tukatazamana. Nilikuwa nimeibeba chupa, nikamwonyesha. Chupa ilikuwa na picha ya mlima na maneno kwamba maji haya ni safi.

Akaandika mdudu wa kidole. Akampa vidonge vya maumivu na vya kuua vijidudu. Simlaumu, na ninaomba nanyi msimtafute. Mdudu wa kidole ndio unaouma vile, na kidole kisicho na kidonda hakisemi kimeumizwa na nini.

Siku ya tatu ncha ya kidole iligeuka rangi ya majivu na ukucha ukawa mweusi kwa chini. Ilibidi apelekwe Mombasa, kilomita 120, na huko wakakata kipande cha juu. Leo anauza viazi karai mlangoni kwao. Kazi ya hoteli hakurudi, na hoteli haikumwita.

Mimi sikulala. Nilirudi kazini, nikaichukua ile bilauri ya kupimia ili niitupe, nikaona ndani imefanya ukungu. Nikaisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa siki, ukungu hautoki. Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa kemia. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kucha ndani yake, akasema, "Mama, hii haikuchafuka. Imeliwa."

Ndipo nikajua jina. Asidi ya haidrofloriki. Mswidi aitwaye Carl Wilhelm Scheele aliichunguza mwaka 1771, na mafundi wa vioo wanaitumia kuchora nakshi kwa sababu inakula kioo. Ndiyo maana haiwekwi kwenye chupa ya kioo, inawekwa kwenye plastiki, na ndiyo maana chupa ya maji ya kunywa inaipokea bila kulalamika. Ndiyo hiyo hiyo inayotumika viwandani kusafisha chuma cha pua, kwenye mitambo ya petroli, na kutengenezea gesi za friji. Na msidhani ni kitu cha ng'ambo tu. Jiwe linalotoa asidi hii, floaspa, nchi yetu imelichimba miaka mingi kule Kimwarer, bonde la Kerio, likaletwa mpaka Mombasa kupakiwa melini, hadi machimbo yaliposimama mwaka 2016.

Mwalimu alinieleza kwa nini haikumuuma pale pale, na hapa nawaomba msome taratibu. Asidi tuliyoizoea, ile ya betri ya gari, inakuchoma juu juu na unaruka. Hii ya haidrofloriki, ikiwa imezimuliwa, kwa asidi ni dhaifu, na udhaifu huo ndio silaha yake: haimalizi nguvu zake kwenye ngozi, inapenya ikiwa nzima, inashuka kwenye nyama mpaka mfupani. Huko chini ndipo floraidi iliyomo ndani ya asidi hiyo inapoachiliwa, na floraidi ina uchu wa kalsiamu. Inaing'oa popote ilipo, kwenye nyama, kwenye mfupa, kwenye damu, na inaikamata pia magnesiamu. Mishipa ya fahamu ikikosa kalsiamu inapiga kelele, ndiyo yale maumivu ambayo morfini yenyewe huweza kushindwa nayo. Moyo nao unapiga kwa kalsiamu. Ikipungua kwenye damu, moyo unapoteza mdundo. Imeshuhudiwa watu kufa kwa kuunguzwa na asidi kali ya aina hii eneo dogo la mwili, asilimia mbili na nusu tu, yaani kama ukubwa wa viganja viwili na nusu.

Na saa zinategemea ukali. Ikiwa chini ya asilimia 20, kama zinavyokuwa nyingi za kufulia, maumivu yanaweza kuchelewa hata saa 24. Kati ya 20 na 50, saa 1 hadi 8. Zaidi ya 50, unajua papo hapo. Kwa hiyo ile ambayo mtu anaiita nyepesi ndiyo inayomruhusu apike chakula cha jioni huku inaendelea na kazi yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu madobi huo si msemo, ni maelezo ya kazi.

Nilikwenda dukani. Nikamwomba muuzaji anionyeshe dumu. Hakukataa, hakuwa na la kuficha, alikuwa hajui kama nisivyojua mimi. Dumu lilikuwa na lebo: fuvu, alama ya asidi inayotiririka juu ya mkono, na kwa Kiingereza, kwa herufi za kuhitaji miwani, jina lile lile la mwalimu. Lilikuwepo siku zote. Lilibaki ubavuni mwa dumu, na sisi tukaondoka na maji.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike barua hii badala ya kunyamaza kama tulivyozoea.

Dawa ipo. Inaitwa kalsiamu glukoneti. Kwa kuwa floraidi inatafuta kalsiamu, unaipa kalsiamu nyingine iishike iiache ya mtu. Ikiwa jeli ya asilimia 2.5, inapakwa na kusuguliwa mahali palipoguswa mara baada ya kuosha, tena na tena mpaka maumivu yaishe, na kwa kidole au mkono mzima unaijaza jeli kwenye glavu na kumvisha mgonjwa. Ikizidi hapo, madaktari wanajua namna ya kuidunga pale palipoungua au kuipitisha kwenye mshipa huku wakiuangalia moyo kwa mashine. Tena nilijifunza kwamba hawatakiwi kukitia kidole ganzi kwa haraka, kwa sababu maumivu ndiyo yanayoeleza kama dawa imefika au bado.

Nikamuuliza mkunga mmoja ninayemfahamu, amefanya kazi wodi za uzazi miaka mingi, kama amewahi kusikia kitu hicho. Akacheka. "Ninacho kwenye kisanduku." Mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba anapodungwa magnesiamu salfeti, kalsiamu glukoneti huwekwa karibu, ili magnesiamu ikizidi apewe hiyo imwokoe. Ni vile vichupa vya mililita 10, vya asilimia 10. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Vichupa vile, kimoja kikichanganywa na mililita 30 za ile jeli ya maji wanayotumia kupimia wajawazito, ndiyo jeli ya asilimia 2.5. Hesabu ya darasa la saba.

Mheshimiwa, jina lilikuwa dukani, dawa ilikuwa wodi ya uzazi, na kidole cha binti kilikuwa kwenye kikombe cha maji katikati yake.

Sijui niliweke vipi hili bila kuonekana natukana. Hakuna kilichokosekana kwa sababu ya umaskini. Tumezoea kwamba matatizo ya Malindi yanajibiwa kwa neno bajeti, na kweli mengi ni ya bajeti. Hili halikuwa. Kichupa kile si dawa ya kuagiza Nairobi kwa ndege.

Basi hospitali ya Malindi, ile ya Kilifi, vituo vya Watamu, Gede na Mambrui, viwe na kisanduku kwenye chumba cha dharura, chenye vichupa hivyo, jeli, glavu na karatasi moja ukutani yenye maneno haya kwa Kiswahili: akija mtu wa kufulia, wa kuosha magari au fundi wa eyakondishena na maumivu makali kuliko kidonda chake, muulize kuhusu dawa ya kutu, na usimrudishe nyumbani. Katiba, katika Jedwali la Nne, imewapa nyinyi kaunti vituo vya afya, maduka yake ya dawa, ambulensi, zimamoto na kushughulikia maafa. Kwa hiyo sina haja ya kuandika Nairobi kwa hilo.

Nimetaja wa kuosha magari na fundi wa eyakondishena kwa sababu baada ya kulijua jina nilianza kuliona kila pahali. Dawa nyingine za kung'arisha rimu zinakuwa na kitu kiitwacho amoniamu baifloraidi. Ni chumvi ya kemikali, lakini ikikutana na maji au jasho inatoa asidi ile ile. Dawa nyingine za kusafishia mapezi ya eyakondishena nazo ni hivyo hivyo, na kijana anayezipulizia juu ya paa la hoteli kule Casuarina mchana wa Februari, upepo wa kaskazi unamrudishia usoni. Nyingine zinauzwa kwa kung'arisha alumini, na mafundi wa boti wanazipenda. Wote hao wananunua kwa chupa za maji na za soda. Na chupa ya soda, Mheshimiwa, mtoto anajua inatumikaje.

Kwa nyinyi wa usalama na afya kazini: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 mnaijua kuliko mimi. Inamtaka anayeleta kemikali aiwekee alama na aifuatishe na karatasi ya maelezo ya usalama, na inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari ya anachokishika. Kwa miaka 19 sikuwahi kuona karatasi hiyo kwenye chumba cha kufulia. Niliona mabango ya kunawa mikono, bango la nambari ya meneja, na bango la Kiingereza la kutabasamu. Ninaomba mpite. Msipite mapokezi mkapewa juisi ya ukwaju. Teremkeni chini, nyuma ya jiko, kwenye mlango wa mashine, mwombe kuonyeshwa kila chupa. Isiyo na jina iondoke siku hiyo hiyo. Kisha mwende kwa wauza jumla, kwa sababu dobi hatengenezi kemikali, anauziwa. Anayemimina amimine na jina pia, fuvu pia, na maneno ya Kiswahili ambayo mtu aliyeishia darasa la nane atayasoma. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari za anachokinunua, na hakikusema ni mnunuzi wa Mombasa tu.

Wenye hoteli, nanyi nina neno, na nitalisema kama mtu aliyekula mshahara wenu na hakufa njaa. Nusu ya madoa yale mlikuwa mkiyanunua wenyewe. Waya wa kuanikia ulikuwa umechunika, tukauomba ubadilishwe misimu mitatu. Mashine moja ilikuwa na ngoma iliyoanza kula kutu mdomoni. Kisima hakikuwa na chujio la chuma. Kamba ya plastiki ni bei gani? Badilisheni hivyo kwanza mwone madoa mangapi yatabaki. Yatakayobaki, kuna asidi ya malimau ya unga, kuna ya oksaliki, ambayo nayo ni sumu na inataka glavu na kufungiwa kabatini, lakini haina ile tabia ya kutembea kimya mpaka mfupani. Na ikiwa mtashikilia ile ile kwa sababu ni ya haraka, basi wapeni watu glavu nene za neopreni au nitraili zinazofika kiwikoni, miwani ya kuziba pembeni, aproni ya mpira, bomba la maji lililo karibu, na tyubu ya ile jeli ukutani kabla ya kufungua chupa. Glavu nyembamba si kinga, ni kujifariji. Ikiwa hivyo vyote vinaonekana ghali kwa ajili ya doa moja, basi hesabu imeshajijibu.

Wenzangu madobi wataisoma barua hii kwenye simu zao, kwa hiyo niachieni nafasi niseme nao kidogo. Ikikugusa, au ukidhani imekugusa, vua pete, vua nguo iliyolowa, weka mahali hapo chini ya bomba linalotiririka mara moja. Usingoje uumie. Kama jeli ipo, dakika tano za maji zinatosha ndipo uanze kupaka, na anayekupaka naye avae glavu. Kama haipo, baki kwenye maji robo saa au zaidi huku wenzako wakitafuta gari. Ikiruka jichoni ni maji tu, mengi, robo saa kwenda mbele, jeli haiingii jichoni. Ukivuta mvuke wake, toka nje penye hewa na uende hospitali hata ukijiona mzima, kwa kuwa mapafu nayo huchelewa kulalamika. Aliyekunywa asitapishwe. Na mfikapo, lisemeni jina: haidrofloriki. Liandikeni kwenye kiganja kwa kalamu kama ni gumu. Jina hilo lingemwokoa mwanangu kidole.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo linawahusu wa zimamoto na maafa, nalipitia kwa ufupi kwa sababu si eneo langu. Asidi yenye maji ndani yake ndiyo hii ya kwetu. Ile tupu, haidrojeni floraidi yenyewe, inachemka kwa nyuzi 19.5 za Selsiasi. Malindi haifiki baridi hiyo hata usiku wa Julai, kwa hiyo kwetu tangi lake likipasuka ni wingu. Tarehe 27 Septemba 2012, mjini Gumi, Korea Kusini, wafanyakazi walikuwa wakiihamisha kutoka kwenye tangi la lori, zikavuja kama tani 8. Watu 5 walikufa, maelfu wakatibiwa, mazao yakanyauka shambani, mifugo ikaugua. Wakazi walirudishwa nyumbani mapema mno, wakaanza kukohoa na kutoka vipele, na serikali ikatangaza eneo la maafa tarehe 8 Oktoba, siku 11 baadaye. Korea Kusini, yenye viwanda vyote vile. Sisi gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya kwenda Lamu inapita mjini kwetu, katikati ya boda boda na wauza maembe. Sisemi lori la namna hiyo limepita. Ninauliza tu kama kuna mtu kwenye kituo cha zimamoto anayeijua alama ya kemikali ya hatari kwenye ubao wa nyuma ya lori, na angeanza na nini.

Tena hata bila lori. Gesi nyingi za friji na eyakondishena zina florini. Zikiwa ndani ya mabomba hazina ugomvi na mtu. Zikikutana na moto, au fundi akichomelea bomba ambalo gesi haijatoka yote, zinavunjika na kutoa haidrojeni floraidi ile ile. Betri za lithiamu zikiungua nazo huitoa, na sasa boda boda za umeme zinaingia mjini, na majumba ya Lamu na Shella yamejaa betri za sola. Wazima moto wanaoingia kwenye stoo ya samaki inayoungua wajue moshi ule si moshi wa makuti.

Nimeambiwa na watu wazima, tena wenye nia njema, kwamba barua hii itaharibia mji utalii. Kwamba mgeni akisoma kuna asidi kwenye mashuka hatarudi. Wageni watulie: shuka husuuzwa maji mengi, na mara zote kilichoungua kilikuwa mkono unaolifua. Lakini pia ninashangaa kidogo, na mniwie radhi, kwamba watu waliposikia habari ya binti aliyekatwa kidole, swali lao la kwanza lilikuwa la mgeni.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, inamtambua mtu aliyeumia akiwa kazini. Yule binti alikuwa kibarua wa msimu, hakuandikishwa popote, na kwenye cheti chake cha kwanza imeandikwa mdudu wa kidole. Kwa karatasi hiyo hawezi kudai hata shilingi. Cheti cha Mombasa kinasema kuungua kwa kemikali isiyojulikana. Ninaomba ofisi inayohusika imwite, imsikilize, na neno "isiyojulikana" lifutwe, kwa sababu inajulikana. Picha ya lebo ya lile dumu ninayo kwenye simu.

Na ile bilauri sikuitupa. Nimeifunga kwa gazeti, iko juu ya kabati. Siku yoyote mtakayofungua mlango nitakuja nayo, muipitishe kucha kwa ndani kama alivyofanya mwalimu.

Wenu,

Dobi wa zamani,
Maweni, Malindi